Waamia ndege wa Wamaza wajifunza kunyamaza

Saa nne na nusu asubuhi, jua la Wamaza limeshaanza kuuma na ndege wamechoka kula. Mmoja mmoja wanaingia mitini kutafuta kivuli, na kelele zilizotanda juu ya mashamba ya mpunga tangu alfajiri zinapungua. Watoto wanashuka kwenye madungu yao, yale majukwaa ya miti wanayosimama juu yake kuamia ndege, na wanakuja mbio kwenye vijia vyembamba vya katikati ya mpunga.

Chini ya banda la nyasi, Waridi Faradji, mwenye umri wa miaka 38, anafunua sufuria kubwa. Ndani hamna chakula. Mna redio.

Anaitoa, anaifuta kwa upindo wa kitenge chake, anaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Anachomeka kadi ndogo ya memori ubavuni mwake. Watoto kumi na wanne wanakaa kwenye mikeka, miguu imejaa tope hadi magotini, vibao vya kuandikia mapajani.

"Nani iko bado mu dungu?" anauliza.

"Hakuna, Mama!" wanajibu kwa pamoja, kwa sauti ambayo ingeweza kumfukuza ndege aliye ng'ambo ya mto.

Waridi anacheka. Miezi sita iliyopita sauti hiyohiyo ilikaribia kuharibu kila kitu, na hakuwa na hamu ya kucheka hata kidogo.

Kazi yake ni kusimamia kituo cha kusikiliza masomo ya shule ya msingi, kwa ajili ya watoto ambao shule ya kawaida imewashinda. Wenye mradi wa masomo haya humwita animatrice, yaani mwelekezi wa kikundi. Watoto humwita Mama Radio. Yeye mwenyewe, ukimwuliza, anasema anauza mafuta ya mawese, na hii nyingine ni kazi ya kutembea.

Na kweli anatembea. Nyumba yake iko Wamaza penyewe, ambako mumewe, Kasimu, ana kiduka cha chumvi, sabuni na betri. Kutoka hapo hadi bondeni ni saa mbili kwa miguu, siku tano kwa juma, sufuria ikiwa kichwani. Sufuria aliichagua kwa sababu ya mvua. "Ukifunika vizuri, maji haiingie," anasema. "Siku za kwanza watu walikuwa wananiuliza, Mama Waridi, unapelekea nani chakula kila siku? Walizania niko na bwana mwingine mu bonde."

Kwa kazi hiyo hupewa faranga elfu hamsini za Kongo kwa mwezi, pesa ya sabuni na viatu. Viatu ndivyo vinavyokula nyingi.

Watoto wa bondeni hawakosi shule kwa utundu. Wakulima wa huku hupanda mpunga mara mbili kwa mwaka, na kila mara mpunga unapoanza kuweka maziwa ndani ya punje, familia nzima huhamia shambani. Mashamba yako mbali na shule. Ndege hawajui Jumapili wala likizo. Asubuhi wanakula, jioni wanakula, na mtoto asiposimama kwenye dungu akapiga kelele, akazungusha kombeo na kugonga bati, kazi ya miezi inaishia kwenye matumbo ya viumbe vyenye ukubwa wa kidole gumba. Mtoto anayekosa majuma mengi mara mbili kwa mwaka hachukui muda kufutwa kwenye daftari la darasa. Wengine hawakuwahi hata kuandikwa. Familia zao zilikimbia vijiji vyao wakati wa vurugu, zikafika hapa, zikaanza kulima upya.

Watu waliokuja kuanzisha mradi walitaka masomo yaanze saa moja na nusu, kama kila mahali. Waridi aliwasikiliza, kisha akawaambia waje kwanza wasimame naye shambani siku moja. Walikuja. Saa tano wenyewe wakaona bonde limetulia, watoto wamelala chini ya madungu.

"Hapo njo niliwaambia: mwenye kupanga saa hapa ni ndege," anakumbuka. "Ndege ikilala, tunasoma. Ndege ikiamuka, tunarudi ku kazi."

Tangu siku hiyo shule ya bondeni huanza saa nne na nusu na kufungwa saa nane, na ratiba haijawahi kubadilika.

Sauti inayotoka kwenye redio ni ya Mwalimu Jean-Marie, mstaafu wa miaka 64 anayeishi katika mji wa Kasongo. Mawimbi ya redio ya Kasongo hayafiki bondeni, kwa hiyo masomo hurekodiwa huko, huwekwa kwenye kadi, na kadi husafiri kwa pikipiki. Barabara ikiwa kavu zinafika kwa siku moja. Ikinyesha, dereva hulala njiani na kadi mfukoni.

Studio ya Mwalimu Jean-Marie ni chumba cha nyumba yake kilichotundikwa mablanketi ukutani. Blanketi halizuii kila kitu. Katika somo la ishirini na mbili la hesabu, lile la sehemu, adhana ya msikiti wa jirani inasikika kwa mbali wakati mwalimu anagawanya papai mara nne. Alitaka kulirekodi upya, umeme ukakatika, likabaki hivyo.

Waridi, ambaye alizaliwa na kukulia Kasongo, hataki lirekodiwe upya. "Ile msikiti ni ya kwetu. Baba yangu alikuwa anasali pale," anasema, na hapo anageuka kidogo kushughulika na sufuria. "Kila mwaka tukifika ku somo ya makumi mbili na mbili, watoto wanasoma papai, miye nalia. Wameshazoea. Wanasema, Mama, adhana yako inakuja."

Jambo moja ni lazima lieleweke kuhusu masomo haya, maana balaa lote lilitoka hapo. Mwalimu Jean-Marie hawaoni wanafunzi wake. Ili wasisinzie, anauliza swali, kisha ananyamaza. Hujihesabia vidole vitano kimoyomoyo. Katika ukimya huo watoto wanatakiwa kujibu kwa sauti, wote, kwa nguvu. Kisha yeye, kutoka Kasongo, hupaza sauti: "Très bien, watoto!" Hata wakikosea huwapongeza, kwa sababu hana namna ya kujua.

Watoto wa bondeni waliupenda mchezo huo kuliko kitu chochote. Hawa ni watoto wanaolipwa ugali kwa kupiga kelele. Kutwa nzima wanapiga kelele kwa ndege wasiojibu, na sasa kuna mtu anayewaomba wapige kelele na kuwashukuru. Mwaka wa shule uliopita watoto kumi na mmoja walimaliza masomo ya darasa la sita hivyo. Walijifunza Kifaransa hivyo, hesabu hivyo, mito ya Kongo hivyo. Miaka mitatu ya kujibu kila mara kimya kinapoingia.

Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Sarah-Grâce, msichana wa miaka 13. Baba yake, Bulaimu, ana shamba la mwisho kabisa bondeni, lile linalopakana na msitu, ambalo ndege huanzia kila siku. Watu wa huko wanasema Sarah-Grâce akipiga ukelele wake, ndege huruka hadi shamba la tatu.

Bulaimu hakuwa akipinga masomo, lakini alikuwa ameweka mpaka. "Nilimuambia Mama Waridi wazi," anasema, akiwa amekaa kwenye gogo nyuma ya watoto. "Mutoto afanye examen mara moja. Akipita, aende sekondari, nitaona namna. Akianguka, anarudi mu dungu na habari ya masomo inakwisha. Miye niko na mugongo mubaya. Ile sauti njo inalinda mupunga yangu."

Kwa hiyo Waridi alijua. Wengine wangeweza kurudia mwaka. Sarah-Grâce alikuwa na siku moja tu.

Mwezi wa tano, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, watoto kumi na mmoja walialikwa kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wanafunzi wa kawaida, katika shule ambayo ingekuwa kituo cha mtihani. Walioga mtoni, wakavaa mashati ya kuazima, wakaketi kati ya watoto sitini wengine. Waridi alibaki nje dirishani, sufuria tupu mkononi.

Mkuu wa shule hiyo, Djamali, ni mtu mpole anayevaa kofia ya kufuma siku zote. Alieleza utaratibu, kisha akasoma swali la kwanza kwa Kifaransa, polepole, ili kila mtu alielewe. Mkulima ana magunia kumi na mawili ya mpunga. Ameuza robo tatu. Amebakiwa na mangapi? Akanyamaza, ili waandike.

"TROIS!"

Tatu, kwa Kifaransa, sauti kumi na moja kwa mpigo mmoja. Mwalimu mmoja aliangusha chaki. Njiwa waliokuwa juu ya bati la paa waliruka.

"Shida," anasema Djamali, akizuia kicheko ambacho siku ile hakuwa nacho, "ni kwamba jibu ilikuwa ya kweli. Watoto sitini wote waliandika trois palepale. Hata wale ambao hawajue kugawanya mukate."

Alidhani ni utovu wa adabu. Akaonya, akasoma swali la pili, akanyamaza tena. Walijibu tena. Waridi anasema aliwaona wakishtuka wenyewe, wengine wakijiziba midomo baada ya sauti kuwa imeshatoka. Swali la tatu lilipojibiwa, Djamali aliwatoa nje wote kumi na mmoja, na mtihani wa majaribio ukafutwa kwa darasa zima.

Sarah-Grâce alitoka akilia. Alimwuliza Waridi swali ambalo mwanamke huyo bado analirudia kwa uchungu: "Mama, amenyamaza mwenyewe. Sasa alikuwa anangoja nini?"

Siku hiyo Djamali na Waridi walizungumza kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Djamali hakupiga kelele.

"Mama, miye naelewa," alimwambia. "Lakini siku ya examen kweli, wakifunguka midomo, hawaharibu yao peke yao. Chumba yote itafutwa. Watoto sitini ya watu. Siwezi."

"Direkta, unipe siku."

"Majuma tatu. Utawarudisha hapa, nitawapima tena. Kinywa moja tu ikifunguka, hapana mutu ataingia."

Waridi aliwarudisha watoto bondeni kwa miguu, kisha akapanda kwenda kwake Wamaza. Jioni hiyo, anakiri, alimwambia mumewe kwamba ataacha. "Nilisikia haya sana. Miye njo niliwafundisha kupiga kelele vile. Kila siku nilikuwa nasema, nguvu! nguvu! nisikie! Nilikuwa nafurahi."

Kasimu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimjibu kwamba sufuria ni yake, akitaka kupikia apikie. Asubuhi alimkuta mkewe ameshaondoka nayo.

Kuwaambia watoto wanyamaze kulikuwa kazi bure. Walikubali kwa vichwa, redio ikauliza, wakajibu. Aliwaambia wajizibe mdomo kwa mkono. Walijiziba kwa mkono wa kuandikia, vibao vikabaki vitupu. Aliwaambia watumie mkono wa kushoto, na Chadrack, ambaye hutumia wa kushoto kuandika, akapotea kabisa. Alijaribu kupunguza sauti ya redio. Wakasogea karibu zaidi na kujibu kwa nguvu zilezile.

Siku ya nne ilikuwa ya joto. Katikati ya somo Sarah-Grâce alinyanyua kibuyu anywe maji, na wakati mdomo umejaa, Mwalimu Jean-Marie akauliza saba mara nane. Wenzake kumi walijibu. Yeye hakuweza. Macho yakamtoka, shingo ikasimama, na kidole chake chenyewe kikashuka kikaandika hamsini na sita kwenye tope la goti lake.

Waridi aliliona goti lile.

"Nilizima radio," anasema. "Nikawaambia wote: kunyweni, lakini hapana kumeza."

Siku ya kwanza ya maji haikwenda vizuri. Kumi na mmoja walijaza mashavu, wakatazamana, na basi. Chadrack ndiye aliyepasuka kwanza. Maji yalimwagika kwenye mikeka, kwenye vibao, na mengi zaidi yaliishia kwenye redio, ambayo ilikohoa mara mbili na kukata kauli. Waridi aliifukia kwenye gunia la mchele mkavu kwa siku mbili, akiomba Mungu kwa Kiarabu chake kidogo, huku wamama Wakristo wa bondeni nao wakiomba kwa njia yao. Siku ya tatu ilizungumza. Wote wawili, Waridi na mama yake Chadrack, bado wanabishana kuhusu ni dua ya nani iliyofika.

Baada ya hapo mambo yalianza kukaa. Maji mdomoni, swali, vidole vitano vya kimya, kalamu. Anayemeza anatoka kwenye mkeka, anakwenda kusaidia kutwanga. Waliogopa mtwangio kuliko mtihani. Baada ya juma moja, watoto kumi na mmoja walikaa saa nzima wakiandika, mashavu yamevimba, na sauti pekee ilikuwa ya Mwalimu Jean-Marie akiwapongeza kwa majibu ambayo hakuna aliyeyatamka.

Wazazi waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Bulaimu alikuja mara moja, akaangalia, akamwuliza Waridi kama watoto wamekula kitu kibaya.

"Wanasoma, Baba Sarah," alimjibu.

"Miye sisikie kitu."

"Eh. Njo vizuri sasa."

Walirudi kwa Djamali siku ya mwisho ya majuma matatu. Hawakuruhusiwa kuingia na maji darasani, kwa hiyo Waridi aliwanong'oneza mlangoni jambo moja tu: mufanye kama maji iko. Djamali alisoma swali, akanyamaza. Alipoinua macho aliona watoto kumi na mmoja wamejaza mashavu hewa, wamekodoa macho, wanaandika. Alinyamaza makusudi hadi dakika ikapita. Hakuna kilichotoka.

"Nilimuuliza mama, hawa watoto wanaumwa meno?" anasema Djamali. Sasa anacheka kwa sauti, kofia ikimwinuka. "Lakini niliwaandika wote. Niliwaandika kwa mukono yangu."

Siku ya mtihani wenyewe, mwezi wa sita, Waridi alikaa ng'ambo ya barabara juu ya sufuria iliyopinduliwa. Hakuruhusiwa kusogea karibu zaidi. Alisikia kengele. Alisikia mtu akisoma maelekezo. Kisha msomaji akanyamaza, na Waridi anasema alishika udongo kwa mikono yote miwili.

Hakuna kilichosikika. Pikipiki ilipita. Mbuzi alilia. Dakika tano zikapita, kumi, nusu saa, na ndani ya chumba kile hakuna sauti hata moja.

"Miye mutoto wa Kasongo, mujini, nimezoea fujo," anasema. "Lakini ile kimya ya siku ile, siwezi kuisahau. Nilisema Alhamdulillahi mara nyingi mpaka muuza ndizi akaniuliza kama nimefiwa."

Walipotoka, Sarah-Grâce alikuwa bado amejaza mashavu. Alipita lango, akapita barabara, akafika mbele ya Waridi, ndipo akaachia pumzi.

Matokeo hayakufika haraka. Mwezi wa saba ulipita, wa nane ukaingia. Mwalimu Jean-Marie ndiye aliyeyaona kwanza, yakiwa yamebandikwa Kasongo. Angeweza kupiga simu. Mtandao wa bondeni hupatikana juu ya kichuguu kimoja tu, lakini hupatikana. Hakupiga. Alirudi kwenye chumba chake cha mablanketi, akarekodi, akaituma kadi kwa pikipiki.

"Nilifanya kosa la kuwazoea," anasema mzee huyo, aliyefundisha ubaoni miaka thelathini kabla ya kufundisha kwenye redio. "Wale ni wanafunzi wangu, na sijawaona hata mmoja. Nilitaka niwaite majina, kama mwalimu wa kweli."

Habari kwamba kadi imefika ilizunguka bonde zima kabla Waridi hajashuka nayo. Siku hiyo hata wazazi walikuja, wakajazana bandani na nje ya banda. Bulaimu alisimama nyuma, mkono kiunoni. Waridi hakuwa ameisikiliza. Anasema alijaribu njiani mara mbili kufunua sufuria, mara zote akaogopa.

Alichomeka kadi. Mwalimu Jean-Marie akasalimia, akasema atasoma majina kumi na moja, na kila jina atamwachia mwenyewe nafasi. Akaanza.

Chadrack, amepita. Kimya cha vidole vitano. Chadrack alinong'ona "Niko," akaangua kilio. Jina la pili, amepita. La tatu na la nne, wamepita. La tano na la saba hawakupita. Mwalimu aliwaambia wamebakiza kidogo, na kwamba anawangoja mwaka kesho, sauti yake ikiwa ileile ya "très bien". Mama wa mmoja wao alimvuta mwanawe kifuani. Wengine wote hadi jina la kumi walipita, na Waridi alikuwa anahesabu kwa vidole.

Jina la kumi na moja, la mwisho, lilikuwa la Sarah-Grâce.

"Sarah-Grâce, binti wa Bulaimu," alisema Mwalimu Jean-Marie. "Amepita. Na pointi zake ni za kwanza kati yenu wote."

Akanyamaza, aanze kuhesabu vidole.

Sarah-Grâce hakujibu. Alikuwa amejaza mashavu, machozi yanashuka juu yake, mdomo umefungwa kabisa. Kidole kimoja. Viwili. Watu wote walikuwa wamemgeukia, na yeye hakuweza kuufungua.

Hapo ukelele ukatoka nyuma ya banda. Ulikuwa ukelele wa shambani, ule mrefu wa kupasua koo, wa kuamia ndege. Miti ya kando ya banda ilimwaga ndege waliokuwa wamelala, wingu zima, na watoto wadogo wakaziba masikio. Alikuwa Bulaimu, mwenye mgongo mbaya, mikono imeinuliwa juu.

"Très bien!" ilijibu redio.

Leo Sarah-Grâce yuko kidato cha kwanza, analala kwa shangazi yake Wamaza, na hushuka bondeni Jumamosi. Bulaimu huamia mwenyewe, akiwa na bati na mikebe aliyoifunga kamba ili aitikise akiwa amekaa. Anakiri kwamba ndege wa mwaka huu wamemlia mpunga kidogo. "Wakule tu," anasema. "Kidogo."

Siku ile ya matokeo, kadi ilikuwa na jambo moja zaidi, ambalo watu wengi hawakulisikia kwa sababu ya vigelegele. Waridi alilisikia. "Na wewe, Mama Waridi," aliuliza Mwalimu Jean-Marie, "jina lako nitalisoma lini?" Kisha akanyamaza kwa vidole vitano.

Waridi aliacha shule akiwa darasa la tano, vita vilipofika Kasongo mwaka 1998. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilipofunguliwa tena alikuwa ameshazoea kuuza mafuta na mama yake, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kurudi. Kwa miaka mitatu amewasha redio, akazima redio, akasikia masomo yote ya darasa la sita mara tatu. Hajawahi kuyaandika.

"Ile siku sikujibu," anasema. "Nilikuwa na haya. Mutu mukubwa, mama wa watoto ine. Lakini swali ya mwalimu iko ndani yangu kila siku. Nilienda kwa Direkta Djamali, nikamuambia aandike jina. Hakucheka. Sekondari, sijue. Niko na mafuta ya kuuza. Lakini ile karatasi ya kumaliza primaire, nataka niishike. Kasimu amesema atatengeneza fremu, ataiweka mu duka, pembeni ya betri."

Mpango wake ni mwezi wa sita mwakani, pamoja na wale wawili waliobakiza kidogo na watatu wapya.

Saa tano na dakika kumi. Bonde limetulia, ndege wamelala. Watoto kumi na wanne wanapitishiana kibuyu, kila mmoja anajaza mdomo. Kibuyu kinafika kwa Waridi. Anakunywa, anakaa mkekani kati yao, anavuta kibao mapajani.

Kutoka Kasongo, kwa mbali, nyuma ya sauti ya Mwalimu Jean-Marie, adhana inaanza. Ni somo la ishirini na mbili. Mwalimu anagawanya papai mara nne, anatoa vipande vitatu, anauliza kimebaki nini. Ananyamaza.

Hakuna anayejibu. Macho ya Waridi yamelowa, mashavu yake yamejaa maji, na anaandika.